Konsetina: Lahani ni Bure, Lipia Ala na Mwalimu

Bei ya konsetina mtandaoni huanzia kama euro 120 na kupanda hadi 7,000 au zaidi, na kwenye picha zote zinafanana: kisanduku cha pembe sita, mvukuto katikati, vitufe kila upande. Mzazi Mswahili aliyehamia Ireland, ambaye mtoto wake amerudi shuleni akiitaka, hajui ashike lipi. Katika kaunti ya Clare, upande wa magharibi, ombi hilo ni la kawaida. Watoto huanza na filimbi ya bati, na baada ya mwaka mmoja au miwili wengi hutaka konsetina. Madarasa ya muziki hufunguliwa Septemba, kwa hiyo muda wa kufikiri si mrefu.

Neno la kwanza ni hili: usitoe pesa kununua lahani. Muziki wa kimapokeo wa Ireland una maelfu ya lahani zisizo na mwenyewe, na kuzipata hakugharimu zaidi ya bando. Kinachostahili pesa yako ni ala isiyokusumbua na mwalimu wa kukuonyesha vidole vikae wapi. Soko limepindua mambo. Unauziwa ala hafifu kwa bei ya chini, kisha unauziwa vitabu, video na malipo ya kila mwezi ili ujifunze lahani ambazo ala hiyo haiwezi kuzipiga.

Na kweli haiwezi. Tazama konsetina ya vitufe 20, ile ya euro 120 hadi 180. Ina safu mbili, moja ya C na moja ya G, na kila kitufe hutoa sauti mbili: moja ukibana mvukuto, nyingine ukivuta. Lahani nyingi za Ireland ziko kwenye ufunguo wa D au wa G. Ufunguo wa D unadai F shapu na C shapu. F shapu utaipata kwenye safu ya G, lakini C shapu haimo kabisa, si kwa kubana wala kwa kuvuta. Mtoto atakwama mapema, naye atadhani kosa ni lake. Tangazo la muuzaji haligusi jambo hili hata kwa neno moja.

Ya vitufe 30 ina safu ya tatu, na humo ndimo ilimo C shapu pamoja na nusu-sauti nyingine. Kwa hiyo chini ya vitufe 30, usinunue, hata kama bei imekatwa nusu.

Mtego wa pili umo kwenye jina. Konsetina zina mifumo mitatu mikubwa. Uliotawala Ireland ni ule uitwao Anglo, wenye sauti mbili kwa kila kitufe. Upo mfumo wa Kiingereza, wenye vitufe 48 kwa kawaida, ambao kitufe hutoa sauti ileile ukibana au ukivuta. Huu ulitokana na kazi ya Charles Wheatstone wa London katika karne ya 19. Wa tatu ni dueti, sauti nzito mkono wa kushoto na nyembamba wa kulia. Yote mitatu ni mizuri, ila vidole vilivyozoea mmoja haviwezi kuhamia mwingine bila kuanza upya. Tangazo likisema "konsetina ya Kiingereza" muuzaji anaweza kuwa anataja mfumo, au anataja tu mahali ilipotengenezwa. Uliza: je, ni Anglo, vitufe 30, C na G? Majibu yote matatu yakiwa ndiyo, endelea. Moja likiwa na kigugumizi, acha.

Hata hapo limebaki swali moja ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Anglo ya vitufe 30 ina mipangilio miwili inayojulikana kwa majina ya watengenezaji wa zamani wa London, Jeffries na Wheatstone. Tofauti kubwa iko kwenye safu ya juu ya mkono wa kulia, na inagusa hiyohiyo C shapu. Walimu hufundisha kwa mpangilio wanaoutumia wao. Ukifika darasani na mpangilio mwingine, utatumia muda wa somo ulilolipia kutafuta vitufe. Kwa hiyo mtafute mwalimu kwanza, ala ije baadaye. Ujumbe mmoja wa simu kwa mwalimu ni bure.

Sasa bei. Kuna ala za vitufe 30 zisizo na mtengenezaji wa kueleweka, za euro 200 hadi 300. Zina sauti zote kwenye karatasi, lakini vitufe hukwama, mvukuto ni mgumu na huanza kuvuja mapema. Fundi mwenye ujuzi akiifungua mara nyingi atakuambia ukweli: matengenezo yatazidi bei uliyonunulia. Nafuu ya namna hiyo ni ya siku ya malipo tu.

Ukiongeza kidogo, kati ya euro 350 na 500, unafikia ala za wanaoanza zilizoundwa na watu wanaoijua konsetina. Ni kubwa kuliko zile za bei ya juu, nzito kidogo, na hazina kasi ya kutosha kwa lahani za dansi zikipigwa mbio. Lakini zinapatana sauti, zinatengenezeka, na zitamtosha mwanafunzi miaka miwili au mitatu. Wapo watengenezaji wanaoipokea ala hiyo baadaye kama sehemu ya malipo ya ala bora, wengine kwa bei kamili uliyonunulia. Sharti hilo lina thamani ya pesa. Lidai kwa maandishi, uliza lina mwisho wa muda gani, na ihifadhi risiti.

Kisha kuna daraja ambalo mimi nalitetea zaidi: ala chotara, euro 1,800 hadi 2,800 zikiwa mpya. Kisanduku na vitufe ni vya konsetina, ila ndimi za chuma zinazotoa sauti ni za aina ya akodiani, zinazotengenezwa kwa wingi viwandani, nyingi huko Italia. Ndiyo sababu bei yake ni kama nusu ya ala ya kazi ya mkono mtupu. Zinajibu kidole haraka, hazipotezi sauti ovyo, na mwanafunzi anaweza kufika nazo mpaka kupiga mbele ya watu.

Najua euro 2,000 ni kodi ya nyumba ya mwezi mzima au zaidi. Ndiyo maana itazame kwa namna ya kuuza tena. Tuseme umenunua chotara iliyotumika kwa 1,900, ukaitunza, ukaiuza baada ya miaka mitatu kwa 1,700. Umetumia 200. Mwenzako aliyenunua ile isiyo na jina kwa 280 atabahatika akipata 80 kwake, kwa hiyo naye ametumia 200, na miaka hiyo yote amepigana na kitufe kilichokwama. Tofauti ni kwamba wewe ulihitaji kuwa na pesa nyingi mkononi mwanzoni, na hilo si kila mtu analiweza. Usikope kwa riba ili uifikie. Riba itakula faida yote ya kuuza tena.

Juu ya hapo kuna ala zenye ndimi za kikonsetina halisi, zinazotengenezwa kwa mkono, kuanzia euro 4,000 hivi, na baadhi ya watengenezaji wana foleni ya kusubiri inayopita mwaka. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hazimhusu.

Za kale ndizo zinazovutia watu wengi kwenye matatizo. Konsetina za London za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 zina sauti ambayo wapigaji wa Clare wanaipenda kwa dhati, na mara nyingine moja huonekana mnadani kwa bei ya kushangaza. Gharama iko ndani. Nyingi zilipangwa kwa kipimo cha zamani cha sauti, kilicho juu kuliko cha leo cha nota A kwa herzi 440. Ukiipiga pekee inapendeza, ukikaa na wenzako kila mtu atakugeukia. Kupanga upya sauti zote ni euro mia kadhaa. Vifuniko vya ngozi vya ndani vimekauka, mvukuto una matundu, na mafundi wanaoziweza ni wachache, kwa hiyo ala inaweza kukaa kwao miezi. Ndimi za shaba, badala ya feleji, sauti yake ni laini lakini huvunjika kwa urahisi zaidi.

Kama unanunua iliyotumika ya aina yoyote, ifanyie majaribio mbele ya muuzaji. Shika kamba ya upande mmoja, acha upande wa pili uning'inie bila kugusa kitufe. Ikifunguka polepole, mvukuto ni mzima. Ikidondoka mara moja, hewa inavuja na utalipia. Halafu bonyeza kila kitufe kwa kubana na kwa kuvuta. Vitufe 30 ni sauti 60, zote zitoke, na zitoke kwa wepisi. Washa programu ya bure ya kupimia sauti kwenye simu. Jaribu kitufe cha hewa, kile cha kidole gumba, maana bila hicho mvukuto hauwezi kurudishwa kimya. Nusa ndani ya sanduku: harufu ya ukungu ina maana ngozi na mbao zilikaa kwenye unyevu. Muuzaji anayekataa majaribio haya amekujibu tayari.

Usisahau mpaka wa forodha. Maduka mengi ya konsetina yako Uingereza, na tangu 2021 kifurushi kutoka huko kuingia Ireland kinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 23, inayohesabiwa pamoja na gharama ya usafirishaji, huenda na ushuru wa forodha juu yake na ada ya kampuni ya kusafirisha kwa kushughulikia makaratasi. Ala ya pauni 400 inakuwa kama pauni 500 kabla hujaigusa. Linganisha bei ya mlangoni kwako, iliyokwisha kulipiwa kila kitu. Uliza pia kama sanduku gumu limo. Likiwa halimo, ongeza euro 40 hadi 100, kwa sababu begi la kitambaa halilindi mvukuto.

Kabla ya yote hayo, uliza kukodi. Baadhi ya matawi ya Comhaltas Ceoltóirí Éireann, chama cha muziki wa kimapokeo kilichoanzishwa 1951 na chenye mamia ya matawi, huwa na ala za kukodisha kwa wanafunzi wao. Miradi ya Music Generation, mpango wa taifa wa kuwafundisha watoto muziki, nayo ina akiba za ala katika maeneo kadhaa. Baadhi ya maduka na watengenezaji hukodisha kwa mwezi na kukata sehemu ya kodi hiyo ukiamua kununua. Soma masharti ya amana: nani analipa ulimi ukivunjika, na muda wa chini ni miezi mingapi? Ala ya kukodi kwa muhula mmoja ni njia ya bei ndogo kuliko zote ya kujua kama mtoto ana hamu ya kweli.

Mwalimu sasa. Darasa la kikundi la tawi kwa kawaida ni euro 10 hadi 15 kwa kipindi, hulipwa kwa muhula mzima mwanzoni. Somo la mtu mmoja huwa euro 25 hadi 40. Masomo ya video ya kulipia kwa mwezi ni euro 15 hadi 25, na hapo ndipo penye mtego wa "majaribio ya bure" yanayojigeuza kuwa malipo bila kukukumbusha. Weka kengele kwenye simu siku mbili kabla ya majaribio kuisha.

Kwa anayeanza, mwalimu wa ana kwa ana anashinda video zote, hata kama ni masomo sita tu. Kwenye Anglo sauti moja hupatikana kwenye vitufe zaidi ya kimoja, na kuchagua kipi utumie wapi ndiyo siri ya mtiririko. Video haikuoni ukichagua vibaya. Tabia mbaya ya vidole ikishakaa mwaka mzima, kuiondoa kutakula masomo mengi kuliko yale uliyokwepa. Baada ya msingi huo unaweza kupunguza hadi somo moja kwa mwezi na kujaza katikati kwa kusikiliza.

Wiki ya Willie Clancy, iliyoanza 1973 na inayofanyika Miltown Malbay huko Clare mwezi Julai, ni jambo jingine. Asubuhi unasoma na wapigaji wakubwa wa konsetina, mchana na usiku mji mzima unapiga. Ada ya masomo si kubwa kwa kile unachopata. Kinachouma ni malazi: mji ni mdogo, vyumba hujaa mapema na bei hupanda. Ukiwa na jamaa anayeishi mji wa Ennis au karibu, omba kulala kwake na panga usafiri. La sivyo, subiri mpaka uwe na lahani kama 20 kichwani, ndipo wiki hiyo itakurudishia pesa yako.

Tukija kwenye lahani zenyewe, pochi ifungwe. Francis O'Neill, mzaliwa wa kaunti ya Cork aliyepanda hadi kuwa mkuu wa polisi wa Chicago, alikusanya lahani kutoka kwa Waairishi wenzake waliohamia huko. Kitabu chake cha 1903 kina lahani 1,850. Cha 1907 kina 1,001, na wapigaji wanakitumia mpaka leo. Hakimiliki imekwisha, vyote viwili vimepigwa picha na vinapakuliwa bure. Anayekuuzia faili yake kwa euro 10 anakuuzia kisichokuwa chake. Kitabu cha karatasi kilichochapwa upya ni suala jingine. Kama unapenda kugeuza kurasa, lipa gharama ya karatasi.

Kwa kusikiliza, jumba la kumbukumbu za muziki wa kimapokeo la Ireland, lililoanzishwa 1987 na lililoko Merrion Square, Dublin, liko wazi bila kiingilio, na sehemu kubwa ya hazina yake imewekwa mtandaoni. Anza na Elizabeth Crotty wa Kilrush, aliyezaliwa 1885 na kufariki 1960. Redio ya taifa ilimrekodi katika miaka ya 1950, na upigaji wake ni wa wastani, hauna mbio, kila sauti inasikika. Anayeanza anaweza kumfuata. Watu wa kizazi chake walijifunza kwa sikio, kwenye ngoma za jikoni na kwa majirani, wengi bila kusoma nota hata moja.

Njia hiyo ya sikio bado ndiyo ya bei ndogo na yenye kudumu kuliko zote. Punguza kasi ya video hadi robo tatu au nusu, kitufe hicho tayari kimo kwenye tovuti za video bila malipo. Programu za kulipia za kupunguza kasi zinasaidia kurudia kipande kimoja, lakini chagua ya kulipa mara moja, si ya kila mwezi. Vitabu vinavyoandika namba za vitufe badala ya nota vinaharakisha wiki za mwanzo, ila kila mwandishi ana namba zake, na anayevizoea hubaki mateka wa mwandishi huyo. Kimoja kinatosha.

Kwa kugawana na wenzako kuna uandishi unaoitwa ABC, ulioanzishwa na Chris Walshaw: lahani nzima huandikwa kwa herufi za kawaida na mistari ya kutenga vipimo, kwa hiyo inaingia kwenye ujumbe wa simu na kula bando kidogo sana. Programu za bure huigeuza kuwa nota au kuipiga. Rekodi ya simu nayo ni nzuri, kwa adabu: kwenye kikao cha muziki, omba ruhusa kwanza. Kumbuka pia kwamba si kila lahani ni ya zamani. Zilizotungwa na watu walio hai zina mwenyewe. Kuipiga na marafiki hakuna shida, kuiweka kwenye rekodi unayouza kunahitaji kibali.

Vikao havina kiingilio. Vingi hufanyika baa, na hilo huwatia wasiwasi wazazi wengi wetu. Chai inauzwa na hakuna anayekulazimisha kingine. Sheria inamtaka aliye chini ya miaka 15 awe na mzazi au mlezi, na walio chini ya 18 kwa kawaida watoke saa tatu usiku, au saa nne kuanzia Mei hadi Septemba. Usiyetaka baa kabisa, uliza vikao vya kumbi za jumuiya na vya matawi; vya wanaoanza hupigwa polepole na hufaa zaidi kwa mtoto.

Msomaji wa Zanzibar au Mombasa anayeitamani ala hii ajue mambo mawili. Hewa ya chumvi hutia kutu ndimi za chuma, na fundi wa konsetina hayupo mtaani. Lakini akodiani ipo kwenye taarabu tangu zamani, na mwenye kujua kupanga ndimi zake anaweza kuisaidia ala chotara, kwa kuwa ndimi ni za jamii moja. Ya kale ya London asiiagize. Na kama lengo ni kupiga na watu wa hapohapo, akodiani iliyotumika itampa wenzake wa kukaa nao, konsetina haitampa.

Kwa aliye Ireland na ana chini ya euro 500, hukumu yangu ni kukodi muhula mmoja, au kununua ala ya anayeanza ya vitufe 30 yenye ahadi ya kupokelewa baadaye, na kinachobaki kiende kwa mwalimu. Mwenye 2,000 anunue chotara iliyotumika. Mpigie simu mwalimu au tawi lililo karibu nawe wiki hii, umuulize mpangilio wa vitufe na kama ala ya kukodi imebaki. Ala hizo ni chache, na huchukuliwa kabla shule hazijafunguliwa.